Ijumaa Saa Mbili Usiku: Okestra Ndogo ya Raia na Msimu Wake wa Matamasha

Okestra ndogo, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni kundi la wapigaji wapatao 15 hadi 40 ambao msingi wao ni vyombo vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde, yaani vayolini za kwanza na za pili, viola, selo na besi, na ambao huongezewa obo, honi, filimbi au hapsikodi pale utungo unapovihitaji. Huitwa ndogo kwa kupimwa na okestra kamili ya simfoni, ambayo mara nyingi hujaza jukwaa kwa watu 80 au 100, lakini udogo huo hauna upungufu wowote ndani yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki wa Ulaya wa karne ya 18 iliandikwa kwa ajili ya idadi hiyohiyo ya wapigaji. Okestra ya namna hii huwa ya raia pale ambapo wanachama wake wengi ni wapigaji wa ridhaa, kama vile walimu, wauguzi, wanafunzi, mafundi na wastaafu, ambao riziki yao haitokani na muziki, na ambao huongozwa na mtaalamu mmoja au wachache wanaolipwa. Msimu, nao, ni mfululizo wa matamasha yanayopangwa kwa pamoja na kutangazwa kabla ya lile la kwanza kufanyika, ili mpigaji ajue mapema atapiga nini na msikilizaji ajue mapema aje lini.

Vitabu vingi vya historia ya muziki huyaweka makundi ya namna hii pembeni, kana kwamba ni kivuli cha okestra za kulipwa, ama ni kimbilio la watu ambao vipaji vyao havikutosha. Maelezo hayo yamegeuza mpangilio wa mambo yalivyotokea. Baadhi ya okestra zinazoheshimiwa sana duniani zina chimbuko lake katika jumuiya za raia waliokubaliana kukutana siku fulani, saa fulani na mahali fulani, na kilichozidumisha jumuiya hizo, kabla ya ruzuku za serikali na kabla ya kumbi za fahari, kilikuwa uaminifu wao kwa siku waliyoipanga. Mji unaolionyesha jambo hili waziwazi ni Leipzig, katika eneo la Sachsen, ambalo leo ni jimbo la Ujerumani na katika karne ya 18 lilikuwa dola yenye mtawala wake, na kwa sababu hiyo mji huo utachukua nafasi kubwa katika maelezo yanayofuata.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 Leipzig ulikuwa mji wa watu wapatao 30,000, usio na kasri wala okestra ya mfalme, kwa maana mtawala wa Sachsen aliishi Dresden na wanamuziki wake waliolipwa vizuri walikuwa huko pamoja naye. Nguvu za Leipzig zilikuwa mbili: chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1409, na magulio makubwa ya kimataifa yaliyofanyika mara tatu kwa mwaka, yaani wakati wa Mwaka Mpya, baada ya Pasaka, na katika majira ya vuli kwenye sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Mwaka 1701 alifika mjini humo kijana wa miaka 20, Georg Philipp Telemann, aliyekusudiwa na familia yake asome sheria, na mwaka uliofuata akawakusanya wanafunzi wenzake katika kundi lililojulikana kwa jina la Kilatini la Collegium Musicum, yaani jumuiya ya watu wanaopiga muziki pamoja. Kwa maelezo ya Telemann mwenyewe, kundi hilo lilifikia wanafunzi 40. Aliondoka Leipzig mwaka 1705, lakini kundi halikuondoka naye. Liliongozwa na Melchior Hoffmann, kisha Johann Gottfried Vogler, kisha Georg Balthasar Schott, mpaka lilipofika mikononi mwa Johann Sebastian Bach katika majira ya kuchipua ya mwaka 1729. Yafaa kutafakari uzito wa mfululizo huo, kwa sababu kundi la wanafunzi ni kundi linalokatika kila mwaka: mwenye vayolini nzuri kuliko wote humaliza masomo, huajiriwa mji mwingine na haonekani tena. Kundi linalopoteza wapigaji wake mara kwa mara, na ambalo katika miaka 27 limebadilisha viongozi mara nne bila kufa, haliwezi kuwa limesimama juu ya kipaji cha mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni Telemann.

Bach alikuwa amefika Leipzig mwaka 1723 kushika wadhifa wa kanta, yaani mwalimu wa muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya mji. Ulikuwa wadhifa wenye heshima na wenye karaha nyingi. Katika waraka aliouandikia baraza la mji mwezi Agosti 1730, alieleza kwamba muziki wa kanisani uliotimia ulihitaji wapigaji 18, na ingefaa zaidi wawe 20, ilhali baraza lilikuwa likiwaajiri wanane tu, na miongoni mwa hao mmoja alikuwa bado mwanagenzi. Mapengo yaliyobaki yalizibwa zamani na wanafunzi wa chuo kikuu waliojitolea kwa kutarajia posho ndogo, na posho hiyo ilipopunguzwa, nao wakapungua. Waraka huu husomwa mara nyingi kama malalamiko ya mtumishi aliyechoshwa na wakubwa wake, na kweli una uchungu ndani yake, lakini ukisomwa pamoja na uamuzi wake wa mwaka uliotangulia wa kuichukua Collegium Musicum, unaeleza pia jambo jingine: mtunzi mkubwa kuliko wote wa zama zake alikuwa anawatafuta wapigaji, na aliwapata miongoni mwa vijana wa ridhaa waliokuwa wakikutana katika mkahawa.

Mkahawa huo ulikuwa wa Gottfried Zimmermann, katika mtaa wa Katharinenstrasse, miongoni mwa mitaa ya kifahari ya mji. Ukumbi wake mkubwa ulikuwa na upana wa mita 8 hivi na urefu wa mita 10, na inakadiriwa kwamba ulitosha watu 150 waliobanana. Ratiba ilikuwa hivi: katika miezi ya baridi kundi lilipiga kila Ijumaa kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku ndani ya mkahawa, na katika miezi ya joto lilihamia kwenye bustani ya Zimmermann iliyokuwa nje ya lango la Grimma, likapiga kila Jumatano kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Wakati wa magulio liliongeza siku, likawa linapiga Jumanne na Ijumaa, saa mbili hadi saa nne usiku. Mji ulikuwa pia na kundi la pili, lililoanzishwa na Johann Friedrich Fasch mwaka 1708 na baadaye kuongozwa na Johann Gottlieb Görner, ambalo lilikutana Alhamisi katika nyumba nyingine, saa hizohizo za usiku. Mji wa watu 30,000, ambao jumba lake la opera lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1720, ulikuwa na matamasha mawili ya hadhara kila wiki, na yote mawili yaliendeshwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi.

Ratiba hii haikubuniwa juu ya karatasi na kulazimishiwa mji, bali ilitokana na mwendo wa mji wenyewe. Usiku wa baridi huingia mapema katika nchi hizo, watu hutafuta moto na kinywaji cha moto, na mkahawa unakuwa mahali pa kukaa. Wakati wa kiangazi jua huchelewa kuzama, joto huwafukuza watu vyumbani, na bustani inakuwa ukumbi. Magulio nayo yaliuleta ulimwengu mlangoni, kama pepo za kaskazi zilivyoyaleta Unguja na Mombasa majahazi ya Arabuni na Bara Hindi kwa miezi inayojulikana, na mfanyabiashara aliyekuja kuuza manyoya au vitabu aliisikiliza Collegium usiku, kisha akaondoka na habari zake. Msimu wa okestra ya raia hudumu unaposhikamana na kalenda ambayo watu tayari wanaiishi, na huanguka mapema unapowataka watu waanze kuishi kalenda mpya kwa ajili yake. Wapangaji wengi wa matamasha wa siku hizi hulisahau jambo hili, wakaweka tamasha katika wiki ya mitihani, au usiku wa mwezi mtukufu wa Ramadhani watu wakiwa misikitini, kisha wakashangaa viti vitupu.

Zimmermann alitazamia faida yake itoke kwenye kahawa na vinywaji, kwa hiyo matamasha ya kawaida hayakuwa na sababu ya kumzuia mtu mlangoni. Lorenz Mizler, aliyeyatangaza matamasha hayo katika jarida lake la muziki mwaka 1736, alieleza kwamba wengi wa wapigaji ni wanafunzi, kwamba mwanamuziki yeyote aliruhusiwa kusimama na kusikika hadharani, na kwamba wasikilizaji wengi walikuwa watu wanaojua kupima kazi ya mpigaji hodari. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito zaidi kuliko inavyoonekana, kwa maana hadhira inayojua kupima haizaliwi ikijua, na Leipzig ilikuwa imeipata kwa kuisikilizisha kila wiki kwa zaidi ya miaka 30.

Ushahidi ulio mzuri kuliko wote wa uzito wa siku iliyopangwa unatoka mwaka 1733. Februari 1 ya mwaka huo alifariki mtawala wa Sachsen, Friedrich August I, na muziki wa hadhara ukapigwa marufuku kwa miezi kadhaa ya maombolezo. Mwezi Juni marufuku ilipoondolewa, gazeti la Leipzig lilichapisha tangazo kwamba Collegium ya Bach ingeanza tena Jumatano, Juni 17, saa kumi jioni, katika bustani ya Zimmermann, kwamba ingeendelea kila wiki, na kwamba kungekuwapo hapsikodi mpya ambayo mfano wake haujapata kusikika mjini humo. Hapsikodi ni chombo cha funguo kinachofanana na piano kwa umbo, lakini ndani yake nyuzi hukwanyuliwa na vipande vidogo vya unyoya badala ya kugongwa na nyundo, na sauti yake huwa kali na nyembamba. Tangazo lenyewe halikumsifu Bach, wala halikutaja tungo zitakazopigwa. Lilichotaja ni siku, saa, mahali, ahadi ya kuendelea na chombo kipya, na kwa mwenye kutangaza tamasha la raia hakuna la kupunguza hapo.

Chombo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya fahari. Katika miaka ya 1730 Bach alizigeuza koncheto zake za zamani, nyingi zikiwa zimeandikwa kwanza kwa vayolini au obo, kuwa koncheto za hapsikodi na nyuzi. Koncheto ni utungo ambamo mpigaji mmoja au wachache hujibizana na kundi zima. Aliandika pia koncheto za hapsikodi mbili na tatu, na akachukua koncheto ya Antonio Vivaldi ya vayolini nne akaifanya ya hapsikodi nne. Kwa mtazamo wa kawaida hapsikodi nne katika chumba kimoja ni anasa, lakini ukiitazama nyumba ya Bach unaona mantiki yake: wanawe Wilhelm Friedemann na Carl Philipp Emanuel walikuwa wapigaji wa kiwango cha juu, na wanafunzi wake hodari walijaa chini ya paa lake. Aliandika kwa ajili ya watu aliokuwa nao. Pale pale mkahawani ilipigwa kantata yake kuhusu kahawa, iliyotungwa karibu na mwaka 1734, ambayo ni mchezo mfupi wa kuimbwa kuhusu baba anayejaribu bila mafanikio kumwachisha binti yake kinywaji hicho. Mtunzi wa muziki mzito wa mateso ya Yesu aliona ni stahiki yake kuwachekesha wateja wa Zimmermann, na alifanya hivyo kwa ustadi uleule aliouweka kanisani.

Hapa inafaa kuacha historia kwa muda na kueleza namna okestra ndogo inavyofanya kazi kwa ndani, kwa sababu asiyeketi ndani yake hawezi kukisia ugumu wake. Katika okestra ya watu 90, vayolini za kwanza zinaweza kuwa 16, na mpigaji mmoja akikosea, kosa lake humezwa na sauti za wenzake. Katika okestra ndogo vayolini za kwanza huwa sita, pengine nne, na hakuna pa kujificha. Kabla ya mazoezi ya kwanza, mpiga vayolini kiongozi huketi na nota za sehemu yake na penseli, akiweka alama juu ya kila sauti kuonyesha kama upinde utashuka au utapanda. Upinde unaoshuka, yaani unaovutwa kutoka mahali unaposhikwa kuelekea nchani, huwa na uzito wa asili mwanzoni mwake, na upinde unaopanda huanza kwa wepesi na kuongezeka nguvu. Kwa hiyo uamuzi wa alama hizo ndio unaoamua ni sauti ipi katika sentensi ya muziki itabeba mkazo. Alama zikishakubaliwa hunakiliwa katika nota za vayolini za pili, viola, selo na besi, na ndiyo sababu pinde za okestra nzuri huonekana zikienda pamoja. Mtazamaji hudhani ni pambo, kumbe ni matamshi.

Wapigaji wa nyuzi huketi wawiliwawili nyuma ya stendi moja ya nota, na yule aliye upande wa ndani ndiye anayefunua ukurasa huku mwenzake akiendelea kupiga, ili sauti isikatike. Katika okestra ya raia, jozi hiyo mara nyingi humkalisha aliyepiga kwa miaka 30 pamoja na aliyejifunza kwa miaka mitatu, na mafundisho mengi hutoka hapo, kwa mnong'ono na kwa ncha ya upinde iliyoelekezwa kwenye mstari uliokosewa, kuliko yanayotoka kwa kondakta. Simfoni ya Mozart katika ufunguo wa la, inayohesabiwa kuwa ya 29, aliyoikamilisha mwaka 1774 akiwa na miaka 18, yahitaji nyuzi, obo mbili na honi mbili pekee. Inaanza kimya kimya, vayolini za kwanza zikishuka hatua nane kwa mruko mmoja, na mruko huo, ambao mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuupiga akiwa peke yake nyumbani, huwa mgumu pindi watu sita wanapotakiwa kuupiga kama mtu mmoja. Okestra ya raia ikiupata, imepata kitu kisichoweza kununuliwa, na hakuna njia ya kukipata isipokuwa kukutana kila wiki.

Kupanga tungo za msimu kunahitaji unyofu. Kondakta anayechagua kwa tamaa yake, akasahau kwamba viola alizonazo ni mbili na kwamba mpiga honi mmoja yuko zamu ya usiku hospitalini, huwatesa wapigaji na wasikilizaji. Bahati ni kwamba watunzi kadhaa wakubwa waliwafikiria wapigaji wa ridhaa. Edward Elgar aliijaribu Serenadi yake ya nyuzi ya mwaka 1892 na darasa la wanawake wa ridhaa aliokuwa akiwafundisha Worcester, Uingereza, na utungo huo ulitangulia kusikika kwao kabla haujapigwa mbele ya umma mwaka 1896. Gustav Holst, aliyefundisha muziki katika shule ya wasichana ya Mtakatifu Paulo huko London kwa karibu miaka 30, aliitungia okestra ya wanafunzi wake utungo wa nyuzi wenye jina la shule hiyo, na leo hupigwa na okestra bora za kulipwa bila kurahisishwa wala kuongezwa chochote. Benjamin Britten aliiandika Simfoni Sahili yake mwaka 1934 kwa kutumia vipande alivyotunga akiwa mtoto. Tungo za Mozart na Bach hazina mwenye hakimiliki, kwa hiyo nota zake za matoleo ya zamani zaweza kunakiliwa bure, wakati tungo za watunzi waliofariki karibuni hukodishwa kwa ada na hurejeshwa zikiwa zimefutwa alama zote za penseli. Msimu wenye busara huchanganya aina hizi mbili, na huacha nafasi, hata ya dakika kumi tu, kwa mtunzi aliye hai wa mji huohuo. Okestra isiyompa nafasi mtunzi wa mji wake imesahau kwamba Bach naye alikuwa mtunzi wa mji.

Zimmermann alifariki mwaka 1741 na Collegium ikadhoofika, lakini mazoea ya mji hayakufa naye. Machi 11, 1743, watu 16, wenye vyeo na wafanyabiashara, walianzisha kile walichokiita Tamasha Kuu, wakakubaliana kuwagharimia wapigaji 16, mmoja kwa mmoja. Baada ya muda mfupi katika nyumba za watu, walihamia katika nyumba ya wageni iliyoitwa Bata Maji Watatu, na mwaka 1781 wakafungua ukumbi wao katika jengo la wafanyabiashara wa vitambaa, ambalo kwa Kijerumani ni Gewandhaus. Viti vya ukumbi huo vilipangwa kufuata kuta ndefu, hivyo wasikilizaji walitazamana, na juu ya jukwaa kuliandikwa msemo wa Kilatini wa Seneca unaosema kwamba furaha ya kweli ni jambo zito. Felix Mendelssohn alianza kuiongoza okestra hiyo mwaka 1835 na kuifanya kielelezo kwa Ulaya nzima. Hadi leo jina la okestra ya mji wa Leipzig ni jina la wauza vitambaa, wala halina mfalme ndani yake.

Mabadiliko hayo yalileta faida na hasara, na si haki kuitaja faida peke yake. Tiketi ya msimu iliyolipiwa kabla iliwahakikishia wapigaji mshahara na ikaufanya ubora uwezekane. Lakini mlango wa mkahawa ulikuwa wazi kuliko mlango wa Gewandhaus, na mwanamuziki mgeni ambaye kwa Zimmermann angeweza kusimama Ijumaa akasikika, sasa alihitaji mwaliko. Okestra ya raia iliyo hai leo ina wajibu wa kuitafuta tena hali ile ya mwanzo bila kuupoteza uthabiti wa ile ya pili, na hilo huwezekana kwa hatua ndogo, kama kuuza tiketi za msimu kwa wenye uwezo na kuacha mazoezi ya mwisho kabla ya tamasha yawe ya bure kwa watoto wa shule.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa la mbali. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905, ni jumuiya ya raia kwa maana ileile iliyoelezwa hapa: wanachama wenye kazi zao za mchana hukutana jioni katika nyumba ya klabu, wakiwa na kanuni, udi, nai na fidla, na katika karne ya 20, kwa kufuata mkondo wa okestra za Misri, safu za fidla zikaongezeka na selo na besi zikaingia. Okestra za taarab hupiga kwa nidhamu tofauti na ile ya Leipzig, kwa kuwa vyombo vyote hufuata mstari mmoja wa sauti na kuupamba kila kimoja kwa namna yake, badala ya kugawana mistari iliyoandikwa, na maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, hutaka vidole vya mpiga fidla vitue mahali ambapo Mozart havitaki. Lakini kinachoidumisha klabu kwa zaidi ya miaka 100 ni kilekile: jioni inayojulikana, nyumba inayojulikana, na sikukuu ambazo mji mzima unajua kwamba klabu itapiga. Kalenda ya Idi imeifanyia taarab ya Unguja kazi ileile ambayo magulio yaliifanyia Collegium Musicum.

Muziki wa Bach na Beethoven wenyewe nao una raia wake barani humu. Kinshasa, okestra ya simfoni ya kanisa la Kimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda kwa kundi la watu wa ridhaa waliokuwa wakipokezana vayolini chache zilizokuwapo, na uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulisaidia. Korogocho, jijini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa mwaka 2008 umewafundisha watoto wa mtaa huo vayolini na tarumbeta mpaka wakaunda okestra. Makundi haya husifiwa sana kwa uvumilivu wake, na sifa hizo ni za haki, ila mwenye kusifu mara nyingi huishia kwenye umaskini wa wapigaji na kusahau kuuliza kama walipiga vizuri. Wanastahili kuulizwa hivyo, na wanastahili wasikilizaji wanaojua kupima, kama Mizler alivyowashuhudia Leipzig.

Wasikilizaji hao hawapatikani kwa tamasha moja kubwa la mwaka lenye wafadhili na mabango. Hupatikana kwa matamasha sita ya kawaida katika ukumbi uleule, ambapo mtu husikia kundi likiishinda mwezi Mei sehemu iliyolishinda mwezi Februari. Kwa sababu hiyo ombi la mhadhara huu linaelekezwa kwa wakuu wa shule, wenye kumbi, viongozi wa makanisa na vilabu, na maofisa utamaduni wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi: kabla ya kuahidi fedha, wawape wapigaji chumba kimoja na jioni moja ya wiki kwa mwaka mzima, bila kuwahamisha kwa ajili ya semina wala harusi. Kwa wasomaji ombi ni jepesi zaidi: pale ambapo okestra ya namna hiyo ipo na imetangaza msimu wake, wanunue tiketi ya msimu mzima kabla ya tamasha la kwanza, kisha waje matamasha yote, pamoja na lile ambalo mtunzi wake hawajapata kumsikia.